BAFU LA MWANACHAMA ATUMIAYE KITI CHA MAGURUDUMU

Somo kwa makatibu wa vyama na wanachama

Katika daftari la mahudhurio ya mikutano, neno "udhuru" huandikwa kwa haraka na aghalabu haliulizwi. Mwanachama aliyekuwa hakosi mkutano mkuu huandikiwa udhuru mara ya kwanza, kisha mara ya pili, na hatimaye hata neno lenyewe haliandikwi tena. Akifuatiliwa, hubainika kwamba alianguka mnazi au mwembe, au aligongwa na pikipiki, akavunjika uti wa mgongo. Au kwamba kiharusi kimemlemaza upande mmoja. Kiti cha magurudumu amekipata. Njia ya kufikia ofisi ya chama ipo. Kinachomzuia ni jambo ambalo yeye mwenyewe huona haya kulitaja mbele ya Bodi: hana mahali pa kuoga.

Bafu la kawaida la kijijini limejengwa kwa ajili ya mtu anayesimama. Liko uani, limezungushiwa makuti, mabua au mabati. Mlango wake ni upenyo mwembamba unaopinda ili mpita njia asione ndani. Chini pana mawe mawili matatu ya kukanyagia, na penye upenyo pana tuta la udongo au saruji linalozuia maji yasitapakae. Kila kimoja kina maana yake kwa mtu anayetembea. Na kila kimoja humzuia mtu aliye katika kiti.

Basi mtu huyo hubebwa. Watu wawili humwinua asubuhi, humketisha juu ya jiwe au ndoo iliyofudikizwa, humwogesha, kisha humrudisha. Ikiwa ni baba mwenye watoto wakubwa, wanaombeba ni wanawe, nao huuona utupu wa mzazi wao kila siku. Ikiwa ni mzee aliyefiwa na mke, anaishi na mwanawe na mkaza mwanawe, basi siku mwana akisafiri hakuna kuoga. Wako wanaojipangusa kwa kitambaa chumbani wiki nzima, na wako wanaojinyima maji ya kunywa ili wasilazimike kuomba msaada mara nyingi. Madhara yake si aibu peke yake. Ngozi isiyosikia maumivu, ikikaa na jasho na unyevu, hulainika na kuchubuka, na kidonda kinachoanza hivyo chaweza kuchukua miezi mingi kupona.

Swali la Bodi

Maombi ya mkopo wa kujenga bafu la namna hii hukutana na swali moja: mkopo huu utazalisha nini? Swali hilo ni halali, maadamu fedha zinazokopeshwa ni akiba za wanachama wengine. Walakini jibu lake laweza kuandikwa kwa tarakimu kama jibu la mkopo wa mbolea.

Ikiwa watu wawili hutumia nusu saa kila mmoja kumwogesha mgonjwa asubuhi, na nusu saa tena jioni, nyumba hiyo hutumia saa 2 za kazi kila siku. Kwa siku 365 ni saa 730. Zikigawanywa kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 91 na zaidi. Nyumba hiyo hupoteza robo ya mwaka ya kazi ya mtu mmoja, na hasara hiyo haikomi wakati wa palizi wala wa mavuno. Hesabu hii yafaa iandikwe katika fomu ya maombi, kwa saa za nyumba inayohusika na si za mfano huu, kisha Bodi iamue.

Zaidi ya hayo, kanuni za ushirika kama zilivyoelezwa upya mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1995, huanza na uanachama ulio wazi na kumalizikia na wajibu wa chama kwa jamii yake. Tanzania nayo iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Lakini kwa nyumba ya mtu binafsi hakuna atakayekuja kumjengea. Kazi hubaki kwa familia, fundi na, inapowezekana, chama.

Vipimo huchukuliwa kwa mwenye kiti

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya shimo la msingi kuchimbwa: fundi huitwa na mwana mkubwa wa nyumba, wawili hao hupatana bei, na mwenye bafu huonyeshwa kazi ikiwa imekwisha. Yapasa iwe kinyume. Fundi na akutane na mwenye kiti, ampime akiwa amekaa, na vipimo viandikwe katika karatasi moja itakayofungwa pamoja na maombi ya mkopo.

Vipimo vyenyewe si vingi. Upana wa kiti kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi jingine, ambao kwa viti vingi ni kati ya sentimita 60 na 70. Urefu wake pamoja na miguu ya aliyekaa, maana vidole hutangulia mbele ya chuma. Kimo cha kikalio kutoka chini, godoro lake likiwa limekaliwa. Mahali mkono unapofika ukinyooshwa mbele na ukiinuliwa juu. Na swali moja ambalo kamba ya kupimia haiwezi kulijibu: ni upande upi wenye nguvu? Aliyepatwa na kiharusi cha upande wa kushoto huhama kutoka kitini kwa mkono na mguu wa kulia, na bafu likijengwa kwa kumtazamisha upande usiofaa, vyuma vyote vya ukutani vitakuwa mapambo.

Baada ya hapo bafu na lichorwe chini, uani, kwa jivu. Kuta ziwekwe kwa vijiti na kamba, kibaraza cha kukalia kiwakilishwe na sanduku au benchi la kimo kile kile, na mwenye kiti aingie, ageuke, asogee kando ya benchi, kisha atoke. Kiti cha kawaida huhitaji duara lenye kipenyo cha sentimita 150 ili kigeuke bila kugonga. Chumba chenye mita 2 kwa mita 2 ndani, kikitolewa sentimita 50 za kibaraza, hubakiza sentimita 150 hizo kamili. Ndiyo sababu ya kupendekeza mita 2. Penye nafasi finyu chaweza kujengwa chumba cha sentimita 120 kwa 150, ambamo mtu huingia mbele na kutoka kinyumenyume. Chatosha kwa mwenye mikono yenye nguvu, lakini si kwa mzee. Saa moja ya kuchora kwa jivu haina gharama, na makosa yanayoonekana humo hufutwa kwa mguu.

Sakafu na njia ya maji

Hapa ndipo penye moyo wa somo. Kibaraza chaweza kuvunjwa na kujengwa upya. Chuma cha kushikilia chaweza kuhamishwa, na bomba laweza kushushwa. Sakafu haibadiliki ila kwa nyundo na mifuko mingine ya saruji. Hivyo basi jambo la kuamuliwa kwanza, kabla hata ya rangi ya mlango ambayo watu huipenda kuijadili, ni usawa wa sakafu na mahali maji yatakapotokea.

Fundi aliyezoea mabafu ya kawaida atataka kuweka tuta mlangoni. Atasema, "Mama, bila tuta maji yatatoka mpaka ukumbini." Mwenye bafu na amjibu, "Mwanangu, maji yatakwenda utakakoyaelekeza. Mimi sitaliruka tuta lako." Magurudumu madogo ya mbele ya kiti hukwama hata kwenye kizuizi cha sentimita 2, na anayekisukuma kwa nguvu ili kivuke huweza kurushwa mbele juu ya saruji iliyolowa. Tofauti kati ya sakafu ya nje na ya ndani penye mlango isizidi sentimita 1, na ukingo wake uwe umelainishwa.

Kinachozuia maji yasitoke ni mwinamo. Sentimita 2 kwa kila mita hutosha: maji hukimbia, na kiti hakitelezi chenyewe breki zikiwa zimefungwa. Mwinamo ukizidi hapo, kiti huanza kuvutwa. Ukipungua sana, maji hutuama na ukoga huota. Tena mwinamo uelekee upande mmoja tu, kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mafundi wengi hupenda kuinamisha sakafu kutoka pembe zote nne kuelekea tundu la katikati, kama sinia. Kwa anayesimama haina neno; kwa kiti chenye magurudumu manne, sinia humaanisha kwamba gurudumu moja daima liko hewani.

Kwa chumba cha mita 2, basi, ukuta wa nyuma utakuwa chini ya mlango kwa sentimita 4. Chini ya ukuta huo na upite mfereji mwembamba wa kina cha sentimita 3 hadi 5, unaoishia kwenye tundu lenye kichujio. Hesabu huanzia mlangoni na kurudi nyuma: usawa wa mlango, toa sentimita 4 za mwinamo, toa kina cha mfereji, hapo ndipo bomba la kutolea maji linapopaswa kupita, na kuanzia hapo liendelee kuteremka hadi shimoni. Mara nyingi hufanyika kinyume. Bomba hutobolewa ukutani mahali palipo rahisi kutoboa, kisha sakafu huinuliwa ili ilifikie, na mwishowe fundi hugundua kwamba bafu limepanda juu ya ukumbi kwa sentimita 10. Hapo tuta na ngazi hurudi wenyewe.

Kuukagua mwinamo hakuhitaji mhandisi. Uchukuliwe ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, upigiliwe chini ya ncha moja kipande cha mti chenye unene wa sentimita 2, kisha pimamaji iwekwe juu yake. Ncha yenye kipande ielekezwe kwenye mfereji. Povu la pimamaji likikaa katikati, mwinamo ni sahihi. Katibu yeyote aweza kuupitisha ubao huo sakafuni, mahali pengi na si pamoja, zege likiwa bado bichi na fundi akiwa bado hajalipwa.

Katika nyumba ya zamani ambayo chumba kina sakafu tayari, ziko njia mbili tu za kweli: kuivunja sakafu ya bafu na kuishusha, au kuuinua ukumbi ulio mbele yake kwa mteremko mpole. Kumwaga tabaka jipya juu ya lile la zamani, jambo ambalo hupendekezwa kwa kuwa ni rahisi, huzaa ngazi mahali ambapo haikuwepo.

Uso wa sakafu nao una mambo mawili yanayovutana. Saruji iliyosuguliwa ikang'aa, na vigae vyenye kumeremeta vilivyopendwa mno siku hizi, huwa kama barafu vikipata sabuni. Lakini saruji iliyoachwa na kokoto wazi huchuna magoti na nyayo, na wako wengi wasio na kiti wakati wote, ambao hutambaa. Tabaka la juu na lilainishwe kwa mwiko, kisha lipitishiwe fagio laini mara moja likiwa linaanza kukauka, mistari ikikata njia ya kuingilia. Baada ya hapo sakafu ifunikwe kwa magunia yaliyolowa na kumwagiwa maji kwa siku 7. Familia huwa na haraka ya kulitumia bafu. Saruji iliyokauka upesi hupasuka, na maji hupenya chini ya nyumba.

Maji yanayotoka yaelekezwe kwenye shimo lililojazwa mawe, lililo mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi na upande wa chini yake. Maji ya kuogea yasiyochanganyika na choo yanaweza kupelekwa kwenye migomba, nayo haitalalamika.

Njia ya kufika

Bafu jema lililo mbali na njia mbaya ni sawa na ghala lisilo na barabara. Katika vijiji vya mchanga vya pwani magurudumu huzama, hivyo ni lazima njia yote kutoka mlango wa nyumba hadi bafu iwe ngumu, yenye upana wa mita 1 au zaidi. Katika vijiji vya milimani, kama vya Kilimanjaro na Rungwe, shida ni ngazi. Lakini huko ardhi yenyewe yaweza kusaidia. Nyumba iliyochimbiwa katika mteremko ina upande wa juu ambao uwanja wake hukaribia kulingana na sakafu. Mlango ukifunguliwa upande huo, huenda usihitajiwe mteremko wa kujenga hata kidogo. Ni ajabu jinsi jambo hili linavyosahauliwa, kila mtu akitazama mlango wa mbele kwa sababu ndio mlango.

Penye kuhitaji mteremko wa kujengwa, kipimo ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Sakafu iliyo juu ya ardhi kwa sentimita 30 huhitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ya sentimita 45 huhitaji mita 5 na sentimita 40. Watu hushtushwa na urefu huo na kuukata nusu. Mteremko uliokatwa nusu hupandwa kwa kusukumwa na mtu mwingine, na hapo kusudi zima la ujenzi limepotea. Juu, mbele ya mlango, paachwe uwanja tambarare wa sentimita 150, na kandokando kuwe na ukingo mdogo wa kuzuia gurudumu lisitoke.

Mlango wenyewe uwe na uwazi wa sentimita 90 baada ya fremu kuwekwa. Sentimita 80 ni mwisho wa kupunguza, kwa maana viwiko navyo hupita. Ufunguke kwa nje. Mtu akianguka ndani na mlango ukafunguka kwa ndani, mwili wake huufunga. Fedha zikiwa hazitoshi, pazia zito hufaa kuliko mlango mwembamba.

Kibaraza, vyuma na maji

Kibaraza cha kukalia kijengwe ukutani kwa matofali na saruji, kina chake kikiwa sentimita 45 hadi 50, na kimo chake sawa na kikalio cha kiti kama kilivyopimwa, ambacho aghalabu nacho huwa kati ya sentimita 45 na 50. Kikiwa chini zaidi, kuhamia ni rahisi lakini kurudi kitini ni kama kupanda mti. Kando yake paachwe nafasi ya kiti kusimama sambamba. Kiti cha plastiki hakiwezi kushika mahali pa kibaraza: huteleza penye sabuni, na miguu yake hupanuka uzito ukiegemea upande mmoja. Kwa mtu asiyesikia maumivu makalioni, juu ya kibaraza pawekwe mto wa sponji uliovishwa ngozi ya plastiki, kwani saruji tupu hujeruhi bila mwenyewe kujua.

Vyuma vya kushikilia vinafaa kutengenezwa kwa bomba la chuma la inchi 1, ambalo unene wake wa nje ni karibu milimita 34. Mkono hulizunguka vizuri. Kati ya chuma na ukuta kuwe na sentimita 4. Kimo chake ni kati ya sentimita 70 na 80, lakini mwenye kushika ndiye mwamuzi. Hatari iko katika kufunga. Skrubu zilizopigwa katika tofali lenye matundu au ukuta wa udongo hung'oka siku ile ile mtu anapoteleza, yaani siku zinapohitajiwa. Chuma kipenye ukuta na kufungwa kwa bamba upande wa nje, au kisimamishwe juu ya nguzo iliyozikwa katika zege wakati sakafu inamwagwa. Nyumba ya miti na udongo haina njia nyingine ila nguzo.

Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na aliyekaa hawezi kuiinua kutoka sakafuni. Penye bomba, koki iwekwe mahali mkono unapofika mtu akiwa juu ya kibaraza, na bomba la mvua liwe na mpira wa kushika mkononi. Pasipo na bomba, kijengwe kibaraza kidogo cha kuwekea ndoo karibu na paja, na kata ya kuchotea. Au pipa la lita 200 liwekwe juu ya jukwaa nje ya ukuta na kutolewa koki ndani. Jukwaa hilo litabeba kilo 200 za maji, basi lisijengwe kwa mabaki ya mbao.

Maji ya moto ni jambo la kuangaliwa sana. Aliyevunjika uti wa mgongo huweza kuungua mapaja bila kusikia chochote, na maji yenye joto la nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu. Maji baridi yatangulie katika ndoo, ya moto yafuate, na yapimwe kwa kiwiko au mkono unaosikia.

Makisio na malipo

Katibu si fundi, lakini yampasa aweze kusoma makisio ya fundi. Kwa sakafu ya mita 2 kwa mita 2 yenye zege la unene wa sentimita 10, ujazo ni mita za ujazo 0.4. Kwa mchanganyo wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, kazi hiyo huchukua karibu mifuko 3 ya kilo 50. Tabaka la juu la sentimita 3, la saruji 1 kwa mchanga 3, huchukua mfuko 1 na kidogo. Mteremko wa mita 3.6 wenye upana wa mita 1.2, ukijazwa mawe na kufunikwa kwa zege la sentimita 7 hadi 8, huchukua kama mifuko 2. Makisio yakileta mifuko 15 kwa sakafu na mteremko peke yake, katibu ana haki ya kuuliza mifuko mingine inakwenda wapi. Kuta, kibaraza na lipu vihesabiwe mbali, kila kimoja katika mstari wake.

Fedha za vifaa zilipwe dukani kwa ankara na stakabadhi yenye jina la mkopaji, zisipitie mkononi mwa fundi. Ujira wa fundi ugawanywe. Sehemu ya kwanza ilipwe usawa wa sakafu na bomba ukishakaguliwa, kabla ya zege kumwagwa. Ya pili sakafu na kuta zikimalizika. Na robo iliyobaki ingoje majaribio. Sharti hili liandikwe katika mapatano kabla kazi haijaanza, maana fundi mwaminifu halichukii, na asiye mwaminifu huonekana hapo hapo.

Majaribio ni haya. Ndoo moja ya maji imwagwe karibu na mlango: yasitoke nje hata tone, na baada ya dakika chache kusiwe na dimbwi. Mtu mzima mwenye afya aning'inie kwenye kila chuma kwa uzito wake wote. Kisha mwenye bafu, akiwa na nguo zake na mtu akiwa karibu pasipo kumgusa, aingie, ahamie kibarazani, aifikie koki, arudi kitini na atoke. Asipoweza hatua moja, kazi haijaisha, na robo ya ujira haijaiva. Akiweza, na atie sahihi yeye mwenyewe katika hati ya malipo. Isitiwe na mwanawe kwa niaba yake.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Kichujio kitolewe nywele na sabuni kila wiki, ukoga usuguliwe kwa fagio gumu, na vyuma vipakwe rangi kutu inapoanza kuonekana penye kiungo na ukuta.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Katika daftari la mahudhurio la miaka mitatu iliyopita, ni wanachama wangapi walioacha kuja mkutanoni bila kujiuzulu? Nani amewatembelea?

2. Je, masharti ya mikopo ya chama yanaruhusu mkopo wa kutengeneza nyumba? Kama hayaruhusu, ni kifungu kipi kinachopaswa kupelekwa mbele ya mkutano mkuu?

3. Sakafu ya nyumba moja iko juu ya uwanja kwa sentimita 36. Mteremko wake uwe na urefu gani? Kama uwanja una mita 3 tu, zitafutwe njia mbili nyingine za kufika mlangoni.

4. Ofisi ya chama yenyewe ina ngazi ngapi mlangoni, na choo chake kina upana gani?